Siri ya mtungi muulize kata

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji wetu waliokosa kuyasikiliza.)



Leo nataka kuanza pale ambapo habari za magazetini aghalabu humalizikia. Habari yenyewe mnaijua. Kijana kapora simu kituo cha daladala, mwenye simu kapiga yowe la mwizi, watu wamemkimbiza, mawe yametembea, na kama Mungu amependa, askari wamefika kabla ya kibiriti. Kesho yake gazeti linaandika kwamba kijana anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 15 aliokolewa kutoka mikononi mwa wananchi wenye hasira kali. Karandinga limeondoka, vumbi limetulia, kila mtu karudi kwenye shughuli zake. Habari imekwisha.

Kwa mtoto yule, habari ndiyo kwanza inaanza. Mimi nimefanya kazi kwa miaka mingi huko linakokwenda karandinga. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, na baadaye nikasomea ushauri nasaha, ile kazi ambayo wenzetu wanaiita tiba ya mazungumzo. Wateja wangu, kama naweza kuwaita hivyo, walikuwa watoto wenye kesi. Leo nitawaeleza kazi ile ni kazi gani, na nitawaeleza pia kosa moja nililolifanya ndani yake, kwa sababu naamini kosa lile bado linafanywa, na wanaolifanya wana nia njema kama niliyokuwa nayo mimi.

Kwanza tuitazame sheria, maana wengi wetu hatuijui. Kwa sheria ya Tanzania Bara, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Aliye kati ya miaka 10 na 12 anaweza tu ikiwa itathibitika kwamba alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa analolitenda ni kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, ambayo hukaa faragha, bila umati wa watazamaji, na afisa ustawi wa jamii sharti awepo. Hapa Dar es Salaam mahakama hiyo iko Kisutu. Asipopata dhamana, mtoto hupelekwa katika mahabusu ya watoto, kama zile zilizoko Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Akipatikana na hatia katika kosa kubwa, anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, huko Mbeya.

Nasikia mtu anaguna. "Kumbe ndiyo maana wanatuibia! Wanajua hawafungwi!" Ndugu yangu, nakuomba unipe subira. Hoja hiyo nitaifikia, na sitaikwepa.

Sasa, katika mazingira hayo, mshauri nasaha anafanya nini? Nikieleza kwamba kazi yangu ilikuwa kukaa na kuzungumza na watoto wenye kesi, watu walinitazama kama mtu anayelipwa mshahara kwa kupiga soga. Wengine walidhani ninawahubiria, na wengine kwamba ninawachimba ili waseme walikoficha mali. La hasha. Mahubiri mtoto yule ameyasikia tangu akiwa tumboni. Ameyasikia kwa mama, kwa shehe au padri, kwa mwalimu mwenye fimbo, na kwa askari mwenye kirungu. Laiti mahubiri yangetosha, nisingemkuta pale.

Kazi yenyewe ni kumsaidia mtoto aone kile kinachopita kichwani mwake kati ya jambo linalomkuta na jambo analolitenda. Watoto wengi niliokutana nao walikuwa wepesi kama kiberiti. Ukimgusa bega, amekwisha kurusha ngumi. Ukimwuliza kwa nini, anakujibu kwa ukweli kabisa kwamba hajui. Ngumi imetangulia, akili imefuata nyuma ikihema.

Nitawapa mfano wa zoezi moja. Asili yake ni programu ya vijana wa shule za mji wa Chicago huko Marekani, iitwayo Becoming a Man, na mimi nililifanya kwa gololi za hapa nyumbani. Nawapanga vijana wawili wawili. Mmoja nampa gololi aifumbate kiganjani. Mwenzake namwambia: "Una nusu dakika. Ipate gololi hiyo." Basi, msikilizaji, utaona vumbi. Wanakunjana vidole, wanakabana, wengine wanaanguka chini na benchi. Muda ukiisha nauliza: "Kuna yeyote aliyemwomba mwenzake?"

Kimya. Halafu wanacheka. Siku moja mmoja akaniambia, "Mwalimu, angenipa kweli?" Nikamgeukia mwenzake. "Ungempa?" Akajibu, "Ningempa. Gololi yenyewe ya kazi gani?"

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Kwa nini hukufikiria kuomba? Ulidhani angekuonaje? Siku ile uliyomkata mwenzako kwa chupa, ulidhani anataka kukufanya nini? Ulijuaje? Hatumwambii mtoto kwamba asipigane kabisa, maana mtaani kwao kuna siku asipopigana ataumizwa. Tunamfundisha kusimama kidogo, ahesabu pumzi, ajiulize kama siku hii ndiyo ile.

Nikirudi kwenye kosa langu, lazima niwaeleze kijana mmoja. Jina lake silitaji, na mengine nimeyabadilisha ili asitambulikane. Alikuwa na miaka 15, shitaka lake wizi wa simu. Aliletwa akiwa na uvimbe juu ya jicho, na kwa majuma sita hakusema na mimi neno lolote zaidi ya "Shikamoo mwalimu" na "Ndiyo mwalimu". Nilimkalisha mbele ya meza, nikamwuliza habari za nyumbani, akatazama dirisha. Nilimwuliza habari za shule, akatazama dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa na wavu, na nyuma yake ukuta.

Siku moja nilimkuta uwanjani amechora ubao wa drafti kwenye kipande cha boksi, anacheza peke yake kwa vizibo vya soda, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Nikaketi upande wa pili. Hakukataa. Alinifunga michezo mitatu mfululizo. Tangu siku hiyo niliacha meza na kalamu ofisini, na kila Jumanne na Ijumaa tukacheza drafti chini ya mwarobaini.

Mtu anayetazama ubao si lazima akutazame wewe. Nadhani hiyo ndiyo siri yake. Juma la tatu la drafti, akiwa anasogeza kizibo, akaniambia kwamba mjomba wake ndiye huzinunua simu. Akasogeza kingine. Akasema mjomba huyo huyo ndiye anayelipa kodi ya chumba wanachoishi yeye, mama yake na wadogo zake wawili. Akasema mama hajui. Halafu akanila vizibo viwili kwa mpigo.

Msikilizaji, mshauri akipata maneno kama hayo huondoka amefura kwa furaha, kama mvuvi aliyevuta wavu ukawa mzito. Nilifika ofisini nikiwa na hakika kwamba nimepata ufunguo. Sasa hebu nieleze jambo moja kuhusu mpangilio wa kazi. Maafisa ustawi wa jamii hawatoshi, hilo halina mjadala. Hivyo mimi niliyekuwa nikimpa ushauri mtoto yule, ndimi pia niliyetakiwa kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ile karatasi inayomweleza hakimu mtoto huyu ametoka wapi, analelewa na nani, na afanyiwe nini. Mkono mmoja ulicheza drafti, mkono mwingine ukashika kalamu.

Nikayaandika yote. Niliyaandika ili kumsaidia. Nilitaka mheshimiwa hakimu aone kwamba mtoto huyu ametumwa, kwamba nyuma ya mwizi mdogo yuko mtu mzima. Na kweli, taarifa ile ilimsaidia mbele ya hakimu. Hakupelekwa Mbeya. Aliachiwa arudi kwa mama yake, chini ya uangalizi.

Lakini taarifa ile ilisomwa mle chumbani. Nimesema Mahakama ya Watoto hukaa faragha, na ni kweli. Hakukuwa na watazamaji. Walikuwepo hakimu, karani, mwendesha mashtaka, mimi, mtoto na mama yake. Na kwa kuwa baba hayupo, alikuwepo pia ndugu wa kiume wa mama, aliyekuja kama mlezi. Ndiye mjomba. Wakati ninaandika sikuwa nimefikiria kwamba yeye ndiye atakayekuja, wala sikuwa nimemwuliza mtoto.

Mama alishika mdomo wake kwa upande wa khanga. Mjomba akatazama dari. Mtoto hakumtazama mjomba wala mama. Alinitazama mimi.

Tulipotoka nje akanisogelea. Nilidhani atanishukuru. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila matusi, "Mwalimu, mimi nilidhani tunacheza drafti."

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Mjomba alihojiwa, hakupatikana na kitu, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi kodi haikulipwa. Nilipokwenda kumtembelea kijana, maana alikuwa chini ya uangalizi wangu, nilikuta chumba kina mpangaji mwingine. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaniambia wamehama, hajui wamekwenda wapi.

Ndugu msikilizaji, nililala macho siku nyingi. Wenzangu waliniambia sikukosea, nimetimiza wajibu, na kwa upande mmoja walisema kweli. Sheria ile ile ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Mtu mzima anayemtuma mtoto akaibe anamvunjia mtoto haki yake, na nisingeweza kunyamaza milele. Basi kosa langu lilikuwa wapi?

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata ndiyo inayoingia ndani ya mtungi na kujua kina cha maji. Lakini wahenga hawakusema kata ikitoka itangaze uwanjani. Kosa langu halikuwa kusema. Kosa langu lilikuwa kumwacha mtoto aamini kwamba sitasema. Sikumwambia siku ya kwanza, wala ya pili, kwamba mimi nina mabwana wawili, yeye na mahakama. Nilimwacha aone mchezo wa drafti tu, kwa sababu nilijua akiiona kalamu atanyamaza. Ukilitazama vizuri jambo hilo, utaona kwamba nilimfanyia kile kile alichofanyiwa na mjomba wake. Wote wawili tulimpa kitu kidogo alichokihitaji, tukachukua kitu kikubwa bila kumwambia bei.

Tangu hapo nilibadili namna ya kufanya kazi. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kumwuliza mtoto chochote, nilimwambia maneno haya: "Utakayoniambia ni yako. Sitampelekea mlezi wa zamu, wala mama, wala askari. Lakini yako mambo matatu siwezi kukaa nayo. Kama kuna mtu anakuumiza au anakutumia. Kama unataka kujiumiza mwenyewe. Na kama umepanga kumwumiza mtu. Hayo nitayasema, na kabla sijayasema nitakwambia wewe kwanza, tupange pamoja nayasema kwa nani na lini." Halafu nilimwomba ayarudie kwa maneno yake, nione kama ameelewa.

Jambo la pili, kama kesi haijaamuliwa, sikumwuliza kama ametenda kosa. Hilo ni la mahakama na la wakili wake akimpata. Mtoto aliye mahabusu hajatiwa hatiani, na chumba cha ushauri kisigeuzwe kuwa chumba cha mahojiano. Tunaweza kuzungumza juu ya usingizi wake, hasira zake, hofu zake na mama yake, bila kuligusa shitaka.

Jambo la tatu, kila taarifa niliyoiandika nilimsomea mtoto kabla haijafika kwa hakimu. Wako walioniambia, "Mwalimu, hapo umekosea, shule niliacha darasa la tano, si la sita." Mmoja aliniomba nifute sentensi iliyomtaja baba yake kuwa mlevi. "Sema anaumwa," akaniambia. Tulibishana nusu saa. Mwisho tukakubaliana niandike kwamba baba ana tatizo la pombe na anahitaji msaada. Sentensi hiyo ilikuwa bora kuliko yangu.

Je, walisema machache zaidi baada ya kuambiwa mipaka? Mwanzoni, ndiyo. Wengine walichukua muda mrefu zaidi. Lakini waliposema, walisema wakijua wanasema, na jambo likilazimika kutoka nje halikumwangukia mtoto kama dari.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu aliyeguna hapo mwanzo. Anasema haya yote ni kudekeza wezi. Anasema samaki mkunje angali mbichi, yaani mtoto achapwe mapema. Nami nakubali kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu. Ukimkunja kwa nyundo utapata kitoweo kilichopondeka, wala hutakuwa umemkunja.

Wala hoja yangu haisimami juu ya huruma peke yake. Mahakama ya kwanza ya watoto inayofahamika duniani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899. Miaka 10 baadaye, mwaka 1909, daktari aitwaye William Healy akafungua kliniki ya kuwachunguza watoto waliofikishwa mahakamani hapo. Mahakama iliuliza mtoto ametenda nini, Healy akauliza kwa nini ni mtoto huyu aliyetenda, na si jirani yake wa mtaa huo huo. Kazi hii ya kumtibu mtoto mwenye kesi kwa kiasi kikubwa imetokana na swali hilo.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika mji huo huo, watafiti walipima kama mazungumzo haya yana faida. Katika mahabusu ya watoto ya Chicago, vijana waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine waliwekwa mabweni yenye mafunzo ya kutuliza fikra na hasira, wengine mabweni ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliopata mafunzo walirudi mahabusu kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 21 wakilinganishwa na wenzao. Na angalieni hili: waliofundisha walikuwa watumishi wa mahabusu hiyo hiyo waliopewa mafunzo, si madaktari wenye shahada tatu. Katika ile programu ya shuleni yenye zoezi la kiganja, kukamatwa na polisi kulipungua kwa kati ya asilimia 28 na 35 wakati programu ikiendelea.

Tukisema Chicago ni mbali, tuje barani kwetu. Huko Monrovia, mji mkuu wa Liberia, nchi iliyotoka vitani, watafiti walifanya kazi na wanaume 999, vijana wakubwa wa miaka 18 hadi 35, wengi wao wezi, wauza dawa za kulevya na wapiganaji wa zamani. Kuna waliopewa majuma 8 ya mazungumzo ya namna hii, kuna waliopewa dola 200 za Marekani mkononi, kuna waliopewa vyote viwili, na kuna ambao hawakupewa kitu. Waliopewa fedha peke yake hawakubadilika kwa muda mrefu. Waliopewa mazungumzo peke yake walibadilika, kisha mabadiliko yakafifia. Waliopewa vyote viwili ndio waliodumu, na watafiti waliporudi baada ya miaka 10 walikuta uhalifu na ukorofi wao umepungua kwa karibu nusu. Baadhi ya waliowaongoza walikuwa wenyewe wametoka katika maisha yale yale ya mitaani.

Kwa hiyo, ndugu uliyeibiwa simu, mimi sikuombi umpende aliyekuibia. Nakuuliza tu unataka nini. Ukitaka aumie, kiberiti kinatosha. Ukitaka asikuibie tena wewe wala mwanao, basi yako mambo yaliyopimwa yakaonekana kupunguza wizi, na mojawapo ni mtoto kukaa na mtu mzima anayejua kusikiliza. Huo haukuwa udekezaji, kwani nimewaona vijana ambao walicheka walipochapwa, lakini walilia walipoulizwa, "Yule mama uliyempora alikuwa anakwenda wapi?"

Liberia inatufunza jambo jingine ambalo kijana wangu wa drafti alilijua kabla ya watafiti. Maneno peke yake hayatoshi. Mtoto akitoka kwangu amejifunza kuhesabu pumzi, akafika nyumbani akakuta kodi inalipwa na mnunuzi wa simu za wizi, atahesabu pumzi mpaka zimwishie. Nilipaswa kukaa na mama yule kwanza, mimi na yeye, na kumwuliza: siku mjomba akiondoka mtakula nini? Tungekwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kikundi cha akina mama cha kukopeshana, au kwa ndugu wa upande mwingine. Halafu jambo la mjomba lingepelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa wakati wake, mtoto akiwa mahali salama. Ingechukua mwezi mmoja zaidi. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi tarehe ya kesi.

Basi nini kifanyike? Kwa wenye mamlaka nina ombi moja tu: anayemtibu mtoto asiwe ndiye anayemwandikia hakimu. Pasipokuwa na watu wawili, na sehemu nyingi hawapo, basi huyo mmoja amwambie mtoto siku ya kwanza kwamba ana kofia mbili, na ambayo amevaa leo ni ipi. Jambo hilo halihitaji bajeti. Na walezi wa mahabusu, wale wanaogawa uji asubuhi na kufunga mlango usiku, wapewe mafunzo. Wao ndio wako na mtoto saa 2 za usiku anapoanza kulia. Mimi nilikuwa nimekwisha panda daladala.

Kwa wazazi, nasema mtoto wako akikamatwa, nenda. Nimeona watoto waliokaa miezi bila kutembelewa, kwa sababu nyumbani wanaona aibu. Huna haja ya kwenda na maneno mazuri. Nenda na sabuni, ukae naye.

Na kwetu sote tunaosimama vituoni: siku tutakaposikia yowe la mwizi, tukamwona aliyekamatwa ana kimo cha mwanafunzi wa darasa la saba, tukumbuke kwamba huenda nyuma yake yuko mtu mzima aliyekaa mahali kwenye kivuli akisubiri simu. Mawe yetu hayajawahi kumfikia huyo.

Nimalizie kwa kijana wangu. Ilipita kama miaka minne. Jioni moja nilikuwa nagombania daladala kituo kimoja hapa jijini, mpiga debe akawa anaita abiria kwa sauti iliyokauka. Nikaifahamu sauti kabla ya sura. Alikuwa amekuwa mrefu, kovu juu ya jicho liko pale pale. Na yeye akanifahamu.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

"Marahaba," nikamjibu. "Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilitaka kumwomba radhi, na maneno nilikuwa nimeyapanga kwa miaka minne. Lakini watu walikuwa wanasukumana, konda anapiga bodi la gari, na yeye akanishika mkono akanipandisha, akanitafutia nafasi karibu na dirisha. Gari likaondoka. Nilipogeuka nilimwona amekwisha shika gari jingine, anaita abiria.

Sijui kama alinisamehe au alimheshimu tu mtu mzima, kama alivyofundishwa na mama yake. Nilikwisha amua kutomwuliza. Nimekipitia kituo kile mara nyingi baada ya hapo, na sikumwona tena.

Yupo mwingine wa miaka 15 ambaye leo usiku analala mahabusu kwa mara ya kwanza. Kesho asubuhi mtu mzima ataketi mbele yake na kumwambia, "Niambie tu, usiogope." Nawaachia swali hilo, wasikilizaji wangu: mtu huyo, kabla ya kusema hivyo, amemwambia mtoto atayafanyia nini maneno yake?

Hadi juma lijalo, kwaherini.